Wenzo mmoja kwa kazi tano: chombo cha Wajerumani kilichompunguzia rubani kazi na kumwongezea fundi mzigo

Tarehe 23 Juni 1942, rubani wa jeshi la anga la Ujerumani, Armin Faber, alitua kwenye uwanja wa kijeshi wa Pembrey, kusini mwa Wales, akiamini kwamba amefika Ufaransa. Alikuwa ametoka kupigana angani, akapoteza mwelekeo, na ghuba ya Bristol akaidhania kuwa ni bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa. Waingereza walimkamata palepale. Lakini zawadi kubwa siku hiyo haikuwa Faber. Ilikuwa ndege yake: Focke-Wulf 190 nzima, bila mkwaruzo, moteri yake ikiwa bado na moto.

Ndege hiyo ilikuwa imewasumbua kwa karibu mwaka mmoja. Ilipoonekana mara ya kwanza juu ya pwani ya Ufaransa mwaka 1941, wapo Waingereza waliodhani ni ndege za zamani za Kimarekani ambazo Wajerumani walizinyang'anya Wafaransa. Baada ya marubani kadhaa kutorudi nyumbani, dhana hiyo ilikufa. Kulikuwa na kitu kipya upande wa pili, na sasa kitu hicho kilikuwa kimesimama mbele yao.

Wataalamu waliopanda kwenye kiti cha rubani waliona mengi ya kuwashangaza. Mojawapo lilikuwa upande wa kushoto, pale ambapo rubani wa kivita huweka mkono wake wakati wote. Walizoea kuona nyenzo kadhaa, yaani vile vijiti vya kusukuma na kuvuta: kimoja cha nguvu ya moteri, kingine cha helisi. Ndani ya Focke-Wulf, kazi yote ya kuongoza moteri ilibebwa na wenzo mmoja tu.

Helisi ina vitesi kama pikipiki

Ili kuelewa thamani ya wenzo huo, ni lazima kwanza kujua kazi ya helisi, yale mapanga yanayozunguka puani pa ndege.

Motari anayepanda milima ya Bukavu na mteja mgongoni haingizi vitesi ya nne. Anarudi kwenye ya kwanza ama ya pili: moteri inazunguka kwa haraka, gurudumu linazunguka polepole, lakini nguvu inapatikana. Barabara ikinyooka, anapandisha vitesi. Akikosea, moteri inazimika mlimani, ama inalia bure kwenye tambarare huku ikichoma esansi.

Ndege ya helisi ina shida ileile. Wakati wa kuruka, mapanga ya helisi yanatakiwa kulala karibu bapa ili kila panga likate hewa kidogo na moteri ifikie nguvu yake yote. Ndege ikishika kasi, mapanga yanatakiwa kugeuka na kuuma hewa nyingi zaidi. Yakibaki bapa wakati ndege inapiga mbizi kuelekea chini, upepo unaizungusha helisi, helisi inaizungusha moteri kupita kipimo, na moteri inaweza kuvunjika hewani.

Mwanzoni helisi nyingi zilikuwa za mbao, mapanga yake yakiwa hayageuki kabisa. Spitfire za kwanza za Uingereza, mwaka 1938, zilikuwa na helisi ya namna hiyo yenye mapanga mawili. Messerschmitt 109 za mwanzo za Ujerumani nazo zilianza vivyo hivyo. Ilikuwa sawa na pikipiki yenye vitesi moja tu ya kwenda nayo popote.

Hatua iliyofuata ilikuwa helisi ya chuma ambayo mapanga yake yanageuka. Kwenye Messerschmitt 109 aina ya E, ile iliyopigana juu ya Uingereza mwaka 1940, helisi ilitengenezwa na kampuni ya VDM na iligeuzwa kwa mota ya umeme. Rubani alikuwa na swichi ya kugeuza mapanga, na mbele yake kulikuwa na kipimo chenye sura ya saa ya ukutani. Mikono ya saa hiyo haikuonyesha wakati bali mlalo wa mapanga. Kwa kuruka, mikono ilielekezwa kwenye 12. Kisha, kadiri kasi ilivyoongezeka, rubani aliirudisha nyuma kidogo kidogo.

Kazi hiyo ni rahisi siku ya mazoezi. Siku ya mapigano ni jambo lingine. Rubani anaangalia mbele, nyuma, juu na kwenye jua. Mkono wa kulia unaongoza ndege, mkono wa kushoto unaongeza na kupunguza nguvu. Juu ya hayo alitakiwa kuchungulia kasi ya mizunguko ya moteri na kugeuza helisi mwenyewe. Akisahau wakati wa kupiga mbizi, anaua moteri yake kabla adui hajaigusa.

Waingereza waliitibu shida hii kwa namna yao. Kati ya Juni na Agosti 1940, mafundi walizunguka kwenye viwanja vya ndege na kufunga, kwenye ndege zaidi ya 1,000, helisi zinazojirekebisha zenyewe ili moteri ibaki kwenye mizunguko ambayo rubani ameichagua. Wajerumani pia waliongeza mtambo wa kujirekebisha kwenye Messerschmitt, huku wakimwachia rubani swichi ya kugeuza helisi kwa mkono akihitaji.

Hata hivyo, rubani bado alibaki na kuchagua: mizunguko mingapi kwa nguvu kiasi gani, kwa urefu gani kutoka ardhini. Hapo ndipo watu wa Focke-Wulf na kampuni ya BMW walipoamua kwenda mbali zaidi.

Chombo kilichojua kuhesabu bila umeme wa kompyuta

Focke-Wulf 190 iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Juni 1939. Mhandisi wake mkuu, Kurt Tank, alikuwa mwenyewe rubani na katika Vita ya Kwanza alikuwa askari wa farasi. Baadaye alieleza kwamba Messerschmitt na Spitfire aliziona kama farasi wa mashindano, wenye mbio nyingi lakini wepesi kuumia. Yeye alitaka farasi wa jeshi: anayekula chochote, anayevumilia uwanja mbovu, na ambaye askari wa kawaida anaweza kumpanda.

Moteri iliyochukua nafasi kwenye ndege hiyo ilikuwa BMW 801. Ilikuwa na silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, ujazo wa karibu lita 42, ikipozwa kwa hewa na si kwa maji. Toleo lake la D lilitoa nguvu ya farasi karibu 1,700 wakati wa kuruka. Moteri kubwa namna hiyo inataka uangalizi mwingi, na ndiyo maana BMW waliifungia chombo walichokiita Kommandogerät, yaani chombo cha kuamuru.

Rubani alisukuma wenzo mmoja mbele ama kuuvuta nyuma. Chombo kilipokea amri hiyo na kufanya kazi tano kwa wakati mmoja. Kilipanga shinikizo la hewa inayoingia ndani ya moteri. Kilipima mafuta yanayolingana na hewa hiyo. Kilichagua mizunguko na hivyo mlalo wa mapanga ya helisi. Kilisogeza muda wa buji kutoa cheche. Na ndege ilipopanda juu, kilibadilisha chenyewe vitesi vya mashine ya kusukumia hewa ndani ya moteri, mashine ambayo bila hiyo moteri yoyote hukosa pumzi kwenye hewa nyepesi ya juu.

Yote hayo yalifanyika bila programu wala kompyuta ya leo. Ndani ya chombo mlikuwa na visanduku vya bati vyembamba vilivyofungwa. Mtu aliyewahi kufunga chupa tupu ya plastiki Goma na kushuka nayo kwa ndege hadi Kisangani ameona jambo hili: chupa inanywea, kwa sababu hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu. Visanduku vile vilifanya hivyo hivyo, vikinywea na kupanuka kufuata shinikizo la hewa. Mwendo huo mdogo ulipelekwa kwenye vipande vya chuma vilivyochongwa kwa umbo maalum, kisha oili yenye shinikizo ikaupa nguvu za kusukuma vali na fimbo. Umbo la kila kipande ndilo lililokuwa hesabu: wahandisi walikuwa wamefikiri mapema kila hali ambayo rubani angekutana nayo, wakaiandika ndani ya chuma.

Leo wanahistoria wengi wa ufundi hukitaja chombo hicho kama babu wa kompyuta zinazoongoza moteri za ndege na magari ya siku hizi.

Mwanzo mgumu

Njia ya kufika hapo haikuwa laini. Mwaka 1941, kikosi cha majaribio kilipopewa ndege za kwanza, moteri zilipata joto kupita kiasi, na baadhi ziliwaka moto. Silinda za safu ya nyuma hazikupata hewa ya kutosha. Chombo cha kuamuru nacho kilikuwa na kasoro zake. Wakaguzi wa wizara walifikia hatua ya kufikiria kuizika ndege hiyo kabisa. Mwishoni iliruhusiwa baada ya marekebisho takriban 50.

Kwa hiyo si kweli, kama baadhi ya mashabiki wa ndege za zamani wanavyopenda kusimulia, kwamba ufundi wa Kijerumani ulishuka kutoka mbinguni ukiwa tayari. Ulikuja kwa njia ileile ya garaji zote: kuharibika, kufungua, kurekebisha na kujaribu tena. Tofauti ni kwamba hapa waliolipa gharama ya majaribio ni vijana waliokuwa wamekaa nyuma ya moteri.

Waingereza wapima

Ndege ya Faber ilipelekwa kujaribiwa mwezi Julai 1942. Waingereza waliirusha pamoja na Spitfire V, ndege iliyokuwa tegemeo lao wakati huo. Matokeo hayakuwafurahisha. Karibu kila mahali walipopima, Focke-Wulf ilikuwa na kasi zaidi kwa kilometa 30 hadi 55 kwa saa. Ilijiviringisha kwa wepesi zaidi, ilipiga mbizi vizuri zaidi. Spitfire ilibaki na jambo moja: iliweza kupiga kona kali zaidi.

Wenzo mmoja haukuwa sababu ya kasi hiyo. Moteri yenye nguvu na umbo la ndege ndivyo vilivyokuwa sababu. Lakini ulikuwa na faida ambayo haipimwi kwa kilometa. Rubani aliyeshtukizwa nyuma aliweza kusukuma mkono mbele mara moja na kupata nguvu zote, helisi na mafuta vikiwa tayari vimejipanga. Rubani mwenye nyenzo mbili ama tatu alihitaji sekunde za kupanga. Katika mapigano ya angani, sekunde hizo ndizo zilizoamua nani angerudi kula chakula cha jioni.

Kila jeshi lilikuwa na tabia zake juu ya nyenzo hizo, na tabia ni ngumu kuacha. Kwenye ndege nyingi za Ufaransa kabla ya vita, rubani aliongeza nguvu kwa kuvuta wenzo nyuma, kinyume na Wajerumani na Waingereza waliosukuma mbele. Rubani aliyehama kutoka aina moja kwenda nyingine aliweza kuzima moteri kwa mkono wake mwenyewe wakati alipotaka kuikimbiza. Mpango wa vijiti kando ya kiti ni jambo la kufa na kupona.

Walioiunda bila kutaka

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao haufai kurukwa kila inaposifiwa akili ya wahandisi. Sehemu kubwa ya moteri za BMW 801 ilitoka kwenye kiwanda cha Allach, karibu na mji wa München. Pembeni yake kulikuwa na kambi ya wafungwa iliyokuwa tawi la kambi ya mateso ya Dachau. Maelfu ya wafungwa, pamoja na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizokaliwa, walifanya kazi katika kiwanda hicho kwa njaa na vipigo, na wengi walikufa. Kampuni ya BMW yenyewe imekiri hadharani sehemu yake katika historia hiyo.

Chombo cha kuamuru kilihitaji vipande vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa sana. Wenzo uliomrahisishia rubani maisha ulikuwa umeegemea juu ya kazi ya watu ambao hawakuwa na haki ya kukataa. Kwa wakaaji wa eneo ambalo madini yake huingia kwenye vyombo vya kisasa duniani kote, mara nyingi bila jina la mchimbaji kutajwa, somo hilo si geni.

Rahisi kwa rubani, nzito kwa fundi

Kufikia mwaka 1944, Ujerumani ilikuwa inapoteza marubani wenye uzoefu haraka kuliko ilivyoweza kuwafundisha wapya. Esansi ya mafunzo ilikosekana. Vijana walipelekwa vitani wakiwa na saa za kuruka chini ya nusu ya zile za wenzao wa Marekani na Uingereza. Kwa kijana kama huyo, ndege yenye wenzo mmoja ilikuwa msaada wa kweli: kulikuwa na mambo machache ya kusahau.

Lakini ugumu uliotolewa kwa rubani haukupotea. Ulihamia kwa fundi. Moteri yenye nyenzo tatu ikikorofisha, fundi anaweza kufuata kila waya na kila fimbo hadi apate ubovu. Chombo cha kuamuru kilikuwa kimefunganisha kazi zote tano mahali pamoja. Hewa ikipimwa vibaya, mafuta, cheche na helisi vyote vinafuata kosa hilo. Fundi aliyekuwa kwenye uwanja wa matope huko Urusi ama Ufaransa, akiwa na vifaa vichache, mara nyingi hakuwa na njia nyingine ila kukitoa chombo chote na kuweka kingine, kama kingine kilikuwepo.

Wahandisi wenyewe walijua hatari hiyo. Ndiyo maana walimwachia rubani mlango wa dharura: angeweza kuondoa helisi kwenye amri ya chombo na kuigeuza mwenyewe kwa swichi iliyokuwa kwenye wenzo, akifuata kipimo kama kile cha Messerschmitt. Walikuwa wamejenga mashine inayofikiri, lakini hawakuiamini kwa asilimia mia moja.

Kutoka msitu wa Urusi hadi Marekani

Ujerumani iliunda Focke-Wulf 190 zaidi ya 20,000. Zinazoweza kuruka leo zikiwa na moteri yao ya asili zinahesabika kwa vidole. Moja iliangukia msituni karibu na Leningrad, jina la zamani la Saint Petersburg, mwezi Julai 1943 baada ya moteri kukorofisha, na rubani wake akakamatwa. Miti iliota kuizunguka kwa zaidi ya miaka 40. Ilitolewa huko, ikapitia Uingereza, kisha ikafika Marekani kwa mfanyabiashara Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, aliyekuwa akikusanya ndege za vita. Desemba 2010 iliruka tena, ikisukumwa na BMW 801.

Wengine walichagua njia fupi. Kampuni moja ya Ujerumani, Flug Werk, iliunda upya ndege zenye umbo la Focke-Wulf 190, lakini ikazifunga moteri zenye asili ya Kisovieti zilizotengenezwa China. Ndege hizo zina sura ya ile ya zamani, ila ndani hazina chombo cha kuamuru. Umbo la ndege linaweza kuigwa kwa bati na michoro. Hesabu iliyochongwa ndani ya chuma ni vigumu zaidi kuirudisha.

Swali ambalo bado liko hewani

Abiria wa mashariki mwa Congo anayepanda ndege ndogo kama Cessna Caravan, kwenda mahali ambako barabara hazifiki, anaweza kuona mbele, karibu na mkono wa rubani, wenzo wa nguvu, mwingine wa helisi na mwingine wa mafuta. Miaka zaidi ya 80 baada ya chombo cha BMW, ndege hizo bado zinamwachia rubani kazi nyingi. Si kwa sababu waundaji hawajui njia nyingine. Nyenzo zilizotenganishwa zinaeleweka, na fundi aliye mbali na kiwanda anaweza kuzifuatilia.

Njia ya wenzo mmoja nayo ilirudi, safari hii kwa kompyuta za kweli. Tarehe 4 Machi 2007, huko Speyer nchini Ujerumani, ndege ndogo aina ya Diamond DA42, yenye moteri mbili za dizeli zinazoongozwa na kompyuta, iliruka ikiwa na betri dhaifu. Rubani alipokunja magurudumu, umeme ulishuka kwa muda mfupi sana. Kompyuta zikajizima na kuanza upya, na moteri zote mbili zikaacha kusukuma wakati uleule. Rubani alilazimika kutua kwa dharura. Nyenzo zake zilikuwa mikononi, lakini hazikuwa tena na chochote cha kuamuru. Baada ya hapo mfumo wa umeme ulirekebishwa ili kompyuta zipate akiba yao.

Wahandisi wa BMW wa miaka ya 1940 wangeielewa ajali hiyo mara moja. Kila kazi inayotolewa mikononi mwa mtu na kupewa mashine inampa nafasi ya kuangalia mbele, na hilo limeokoa maisha mengi. Lakini ni lazima pawepo mtu anayejua kuifungua mashine hiyo, kipande cha kubadilisha, na mlango wa dharura kwa siku itakapokataa. Kwa anayenunua ndege, jenereta, lori ama mashine ya hospitali, swali la kuuliza kabla ya kulipa ni lilelile: ikiharibika huku kwetu, nani ataitengeneza, na kwa kutumia nini?